Land Cruiser ya Safari Inakula Mafuta: Anza kwa Kuuliza Inayala Wapi

Gari la utalii likishanyanyuliwa, likavalishwa tairi kubwa, bampa la chuma, keria, tangi la ziada na paa la kunyanyuka, haupiti muda tajiri anaanza kulalamika kwamba linakunywa. Dereva anasema ni tairi. Fundi anasema ni mguu wa dereva. Mwenye gereji iliyofunga vifaa anasema ni dizeli ya sheli fulani. Kila mmoja ana hoja yake na hakuna aliyepima.

Maelezo haya yanahusu zaidi Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6, cc 4,164, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), kwa kuwa ndizo utakazozikuta kwa wingi kati ya Arusha, Ngorongoro na Serengeti. Wenye Prado na Hilux nimewawekea sehemu yao huko mbele, fupi.

Namna ninavyoitafuta hitilafu ni hii: kila kifaa kilichoongezwa kina mahali pake pa kung'ata. Keria inang'ata kwenye lami. Uzito unang'ata kwenye mchanga. Hewa inakosekana mlimani. Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti, muulize dereva gari linakula wapi. Akijibu "kila mahali", hilo nalo ni jibu, na linakupeleka kwenye mambo tofauti kabisa.

Kwanza: je, ni kweli linakula?

Odomita haiioni barabara. Inahesabu mizunguko ya gia boksi au ya magurudumu na kuitafsiri kuwa kilomita kwa kufuata ukubwa wa tairi la kiwandani. Ukifunga tairi kubwa zaidi, gari linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko na odomita haina habari.

Chukua Prado iliyokuja na 265/65R17. Kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukifunga 285/70R17 kipenyo kinafika kama 831, yaani ongezeko la asilimia 7. Odomita ikiandika kilomita 100, gari limekwenda 107. Kwa Land Cruiser iliyotoka kwenye 7.50R16 kwenda 285/75R16 tofauti ni ndogo zaidi, kama asilimia 3 au 4, lakini ipo.

Sasa tajiri wa ile Prado anagawanya kilomita za odomita kwa lita za risiti, anapata kilomita 7 kwa lita, na zamani alikuwa anapata 8. Ukweli wake ni 7.5. Nusu ya hasara anayoililia iko kwenye karatasi tu, na hakuna fundi atakayeitengeneza.

Dawa yake haina gharama. Washa GPS ya simu, endesha kilomita 20 za odomita kwenye barabara kuu, linganisha. Simu ikisema 21.4, basi kila safari zidisha kilomita zako kwa 1.07. Andika namba hiyo kwenye kibandiko ubandike karibu na geji, maana dereva atabadilika na gari litauzwa.

Upande wa lita una mitego yake. Troop Carrier ya 78 ina matangi mawili ya lita 90 kila moja, na nyingi za safari zimeongezewa jingine. Ukijaza moja na kukisia jingine, hujapima kitu. Jaza yote mpaka shingoni, subiri povu la dizeli litulie, malizia, na uwe kwenye sheli ile ile, gari limesimama sehemu ile ile tambarare. Fanya hivyo wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, kwa safari mbili tatu za njia moja. Safari moja haitoshi, kwa sababu siku moja ya matope inaweza kuharibu hesabu yote.

Matangi ya kuongezewa yana ugonjwa mmoja ambao unawapoteza watu sana: bomba la kupumulia limebanwa na fremu au limepinda. Mkono wa pampu unakata kana kwamba tangi limejaa, kumbe kuna nafasi ya lita nyingi tu bado. Safari hiyo inaonekana nafuu. Inayofuata, gari likisimama kidogo kwa upande mwingine, hewa inatoka na lita zile zinaingia, safari inaonekana ghali. Ukiona safari za nafuu na ghali zinapokezana namna hiyo, kagua bomba la kupumulia kabla hujagusa injini.

Na kwenye magari ya matangi mawili, valvu ya kuchagua tangi ina kazi mbili: kubadilisha njia ya dizeli inayokwenda kwenye injini na njia ya dizeli inayorudi. Moja ikikwama, au fundi akigeuza mabomba, injini inanyonya tangi la kwanza na kurudisha masalio kwenye la pili. La pili likiwa limejaa, dizeli inamwagika taratibu njiani bila mtu kuona. Dalili ni harufu ya dizeli upande mmoja, vumbi lililoshikana kama tope chini ya mfuniko, au geji ya tangi usilolitumia kupanda yenyewe.

Linakula kwenye lami, hifadhini halina tatizo

Hapa mshitakiwa wa kwanza ni upepo. Nguvu ya upepo unaopinga gari inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, upinzani unakaribia kuwa mara mbili. Land Cruiser ya safari ina umbo la sanduku, imenyanyuliwa, tumbo liko wazi, na juu kuna keria. Kwa hesabu ya mkono, kupandisha mwendo kutoka 80 hadi 110 kunaligharimu gari la namna hii kama lita 3 zaidi kwa kila kilomita 100, kwa upepo peke yake. Keria yenye madumu na koleo juu inaweza kukaribia kuongeza lita nyingine kwenye mwendo huo wa juu.

Kipande cha Arusha hadi Makuyuni ndiko madereva wanakofidia muda waliopoteza kuwasubiri wageni hotelini. Ni kama kilomita 80. Kwa 110 yote ni dakika 44, kwa 85 ni dakika 56. Hizo dakika 12 zenyewe ni za kwenye karatasi, kwa sababu ukiondoa vijiji vya mwendo wa 50 na askari wa barabarani, tofauti inayobaki ni ndogo zaidi.

Namna ya kuthibitisha: safari moja dereva aende bila kuvuka 85, safari nyingine kama kawaida yake. Tofauti ikiwa kubwa, usitafute hitilafu kwenye gari. Kama bado unatilia shaka keria, ifungue. Ni bolti chache tu, na wengi wanaibeba tupu mwaka mzima kwa sababu gari la safari lisilo na keria halionekani kuwa la safari. Angalia pia kama paa la kunyanyuka linafunga sawasawa. Paa lililoachia sentimita chache mbele linakamata upepo, na utalisikia likipiga kelele kabla hujaliona.

Mshitakiwa wa pili ni tairi, na hapa kuna mambo matatu yanayochanganywa.

Aina. Tairi za matope zenye meno makubwa zinapoteza nguvu nyingi kujikunja na kujikunjua kwenye lami, na ule mlio wake ni sehemu ya nguvu hiyo. Gari linalotembea lami nusu ya safari na barabara za vumbi nusu nyingine linatoshwa kabisa na tairi za mchanganyiko. Wiki za masika kwenye udongo mweusi ndipo meno makubwa yanapolipa, na hata hapo dereva mwenye akili na jeki ya kukwamulia anafika mbali.

Upepo wa tairi. Dereva anapunguza upepo Ndutu kwa sababu ya mchanga, jambo sahihi, kisha anapanda hadi kreta, anateremka Karatu, anarudi Arusha na tairi zile zile laini. Gari linakula mafuta, tairi linachemka, na likipasuka kwenye lami ni habari nyingine. Dalili ni mabega mawili ya tairi kuisha kabla ya katikati, na ubavu wa tairi kuwa moto sana baada ya nusu saa ya lami. Anza na namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama saizi imebadilika au mzigo umezidi, pata namba ya watengenezaji wa tairi hilo. Pampu ndogo ya umeme na geji ya mkononi ni vifaa vya bei ndogo kuliko tairi moja.

Ukubwa. Tairi kubwa linabadilisha gia zako zote bila wewe kugusa gia. Difu ya 4.11 ikiwa na 285/75R16 badala ya 7.50R16 inafanya kazi kama 3.97. Inasikika ndogo, lakini 1HZ haina nguvu za kugawa bure. Dalili yake: gia ya tano haishiki kwenye kimwinuko kidogo, dereva anarudi ya nne na kubaki humo, injini inalia njia nzima. Unaweza kubadilisha difu ziwe 4.30, na lazima mbele na nyuma zote, maana ukibadilisha moja tu, siku utakayoweka H4 (gia ya kuendesha magurudumu yote manne) utavunja kitu. Maoni yangu ni kwamba gari la kubeba wageni halihitaji 285. Rudisha saizi ya kiwandani na fedha ya difu ibaki mfukoni.

Linakula mlimani, na moshi mweusi unafuata nyuma

Kutoka Mto wa Mbu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro gari linapanda zaidi ya mita 1,300. Hapo kila mtu analaumu uzito. Tulipige hesabu. Tuseme bampa, winchi, tangi la ziada, friji, betri ya pili, viti na vyuma vya kurefushia chesisi vimeongeza kilo 400. Kuzipandisha kilo hizo mita 1,300 kunahitaji dizeli ya kama nusu lita, ukizingatia kwamba injini inageuza chini ya theluthi moja ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Nusu lita. Kama kipande hicho kimekula lita 4 zaidi ya zamani, nyingi zimekwenda kwingine.

Kwingine ni kwenye hewa. Ukingoni, kwenye mita kama 2,300, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hicho kilichopo. Pampu ikiendelea kuleta dizeli ile ile, sehemu yake haipati hewa ya kuungua na inatoka ikiwa masizi. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikipita nyuma.

Sababu ya kawaida kabisa ni pampu iliyofunguliwa. Gari limeongezewa uzito, dereva amelalamika halina nguvu, fundi amezungusha skrubu ya pampu kidogo. Kwenye tambarare linaonekana limepona. Likifika Lodoare, kwenye lango la Ngorongoro, linatoa wingu. Dawa ni kuirudisha pampu kwenye vipimo vyake kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu na nozeli, si kwa kusikiliza mlio. Utapoteza nguvu kidogo, na dereva atanung'unika.

Kabla ya pampu, angalia filta ya hewa. Vumbi la kati ya lango la Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti, linaziba filta mpya kwa siku chache tu. Wengi wanaipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, jambo linalosukuma vumbi ndani ya karatasi. Puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na baada ya kuipuliza mara kadhaa inunuliwe mpya.

Na hapa inaingia snokeli, lile bomba linalopandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa. Wapo wanaouza kwa ahadi kwamba linapunguza ulaji wa mafuta. Halipunguzi kwa kiasi utakachokiona sheli. Kazi yake ni kuvuta hewa isiyo na vumbi zito na kulinda injini kwenye maji, basi. Linaweza kukuongezea ulaji kama limefungwa vibaya: kiungo kimebanwa, au limekatwa jembamba kuliko mdomo wa asili. Jaribio langu ni kitambaa cheupe. Fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, ingiza kitambaa, futa ndani. Kikitoka na vumbi, gari lisimame hapo hapo, kwa sababu vumbi linaingia kwenye silinda na suala la mafuta limeshakuwa dogo.

Rangi nyingine za moshi: wa bluu ni oili inaungua, na hauhusiani na keria wala tairi. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto unaelekeza kwenye nozeli au majira ya pampu.

Watu wananiuliza kuhusu kufunga tabo kwenye 1HZ. Inafanya kazi, hasa kwenye miinuko, na kwa dereva mpole inaweza hata kuboresha kilomita kwa lita. Lakini injini hii haikuundwa kwa ajili hiyo. Inahitaji geji ya joto la moshi, pampu iliyopimwa upya na mguu wenye nidhamu. Kwa gari linaloendeshwa na madereva watano kwa msimu mmoja, nisingeifunga.

Linakula hifadhini, lami liko sawa

Ndani ya Serengeti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni 50, na mara nyingi unakwenda 20. Upepo hapo si kitu, kwa hiyo keria haina hatia. Achana nayo.

Jiulize kwanza kama kipimo chenyewe kinafaa. Gari limesimama Seronera kumwangalia chui, injini inanguruma kwa sababu mgeni anachaji kamera na friji inafanya kazi. Dizeli ya lita 4.2 ikinguruma bila kutembea inakula kama lita moja kwa saa. Masaa matatu ya namna hiyo kwa siku, mara siku nne, ni lita 12 ambazo hazina hata mita moja ya kuonyesha. Kilomita kwa lita haiwezi kusema chochote hapo. Kwa siku za hifadhini andika masaa ya injini kuwaka pembeni ya kilomita, na ghafla dereva aliyeonekana mlevi wa mafuta anaonekana ndiye aliyewaonyesha wageni wanyama wengi zaidi.

Umeme wa vifaa vya ziada wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Friji, chaja na taa vikifika wati 500, oltaneta inaiomba injini kama theluthi moja ya lita kwa saa. Kinachogharimu ni kuacha injini ikiwaka ili kuvihudumia. Betri ya pili yenye kitenganishi chake, au sola ndogo juu ya paa, inaruhusu kuzima injini, na wageni wanapiga picha vizuri zaidi gari lisipotetemeka.

Uzito, uliokuwa hauna hatia mlimani, hapa unakamatwa. Zile kilo 400 kwenye lami ngumu zinakula kama nusu lita kwa kilomita 100. Kwenye mchanga laini zinakaribia lita 2, kwa sababu tairi linachimba shimo lake na kulipanda muda wote. Na kwenye mchanga ule ule, kupunguza upepo wa tairi kunapunguza mafuta, kinyume kabisa cha lami. Tairi linatandaza mguu, halizami, injini haisumbuki. Ndiyo maana pampu ya kujazia inapaswa kukaa ndani ya gari, si gereji.

Angalia shokapu. Gari lililoongezewa uzito na kuachiwa springi na shokapu za zamani linadunda kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, na dereva anakanyaga na kuachia muda wote ili atafute mwendo usioumiza. Kila kukanyaga upya ni dizeli. Shika shokapu kwa uangalifu baada ya kipande kibovu: inayofanya kazi inakuwa ya moto, iliyokufa inabaki karibu na joto la vumbi lenyewe.

Linakula kila mahali, kwa kiasi kile kile

Hili ndilo jibu ninalolipenda kusikia, kwa maana mara nyingi dawa yake ni rahisi. Kuna kitu kinachovuta gari muda wote.

Anza mbele. Bampa la chuma, winchi na taa kubwa vinakaa mbele ya rejeta na kupunguza hewa. Gari linaanza kuchemka kupanda. Fundi wa njiani anatoa thamostati, valvu inayotunza joto la injini, na kama bado, anaifunga feni kwa bolti ili izunguke pamoja na injini bila kuteleza. Gari halichemki tena, wageni wanafika, kila mtu anasahau. Kuanzia siku hiyo injini inatembea baridi asubuhi nzima ya Karatu, dizeli haiungui vizuri, na feni inavuta nguvu hata pale isipohitajika. Hakuna atakayeunganisha jambo hilo na bampa lililofungwa miezi mingi nyuma.

Namna ya kutambua: geji ya joto inachelewa kupanda na kwenye mteremko inashuka. Injini hii inapenda joto la nyuzi kati ya 80 na 90. Zima injini, isubiri ipoe, zungusha feni kwa mkono. Iliyo nzima inazunguka kwa uzito kidogo, iliyofungwa haizunguki kabisa. Rudisha thamostati, nunua kichwa cha feni kizuri, safisha rejeta ndani na nje, kisha hamisha taa zinazoziba hewa. Usirudishe thamostati bila kushughulikia rejeta, utarudi pale pale.

Halafu habu za mbele. Land Cruiser nyingi za 70 zina habu za kuzungusha kwa mkono, zenye alama FREE na LOCK. Dereva amefunga kwenye matope, ametoka, amerudisha gia ya H2 (ya magurudumu mawili), habu zimebaki LOCK. Shafti za mbele na difu vinazungushwa bure hadi Arusha. Ulaji wake si mkubwa, lakini ni wa kila kilomita. Kibaya zaidi ni H4 kuachwa kwenye lami kavu: gari linakuwa zito kwenye kona na tairi za mbele zinakwaruza. Ukiwa na tairi za mbele mpya na za nyuma zilizoisha, mzigo huo unaongezeka.

Breki na beringi. Matope na vumbi vinakwamisha pistoni za kalipa, hendibreki hairudi yote, au beringi zimebanwa kupita kiasi na mtu aliyefungua habu. Endesha kilomita 15 bila kufunga breki kwa nguvu, simama taratibu, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lenye moto kuliko wenzake ndilo. Jaribio jingine: kwenye lami tambarare, mwendo wa 40, weka nyutro, hesabu gari linajiviringisha umbali gani, kisha rudia na gari jingine la aina hiyo.

Prado na Hilux

Hapa kunyanyua kunaleta tatizo ambalo Land Cruiser ya ekseli moja nzima mbele haina. Mbele ya Prado na Hilux kila tairi ina mikono yake, na ukiinua springi, tairi zinabadilisha namna zinavyosimama na zinavyoelekea. Bila kupima alaimenti upya baada ya kunyanyua, tairi zinakokotwa kiubavu kidogo kila kilomita. Pitisha kiganja kwenye meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani na kurudi: ukihisi laini upande mmoja na makali upande mwingine, tatizo ni alaimenti. Na kama mtu amechezea programu ya kompyuta ya injini, irudishe ya kiwandani kwanza, ndipo uanze kupima.

Mafuta yanapungua hata gari likilala

Kuna dalili moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha gari. Hasara inakuja kwa vipande: safari hii lita 20, inayofuata hakuna, nyingine 40. Hitilafu ya gari haihesabu hivyo. Kwa hitilafu, dizeli inapotea kidogo kidogo na hasara inafuata njia. Hasara inayokuja kwa 20 inafuata ukubwa wa dumu.

Tangi la ziada linarahisisha kazi hiyo, kwa sababu lina mfuniko wake usio na funguo na skrubu ya kumwagia chini isiyolindwa, na geji yake ni ya kukisia. Kabla ya kumtuhumu mtu, jaza matangi yote mbele ya dereva jioni, piga picha ya geji, na upime tena asubuhi kabla gari halijawashwa. Pima kwa kijiti kisafi kupitia shingo la tangi kama umbo lake linaruhusu. Kama kiwango kimeshuka na chini ya gari ni pakavu, funga mifuniko yenye funguo kwenye matangi yote, weka bamba la chuma lenye bolti za usalama chini ya skrubu za kumwagia, na mwambie dereva kwa heshima kwamba kuanzia sasa mnajaza na kupima pamoja, wewe na yeye, kila safari.